Tarehe Kwenye Pakiti ya Chumvi: Kubadili Maisha Hatua kwa Hatua

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afya yaliyotayarishwa kusomwa katika mabaraza, makanisa na vyama vya wadi ya Kamukuywa, kaunti ndogo ya Kimilili. Yamechapishwa hapa ili wakaazi wa wadi nyingine za Kaunti ya Bungoma nao wayasome nyumbani.



Kila Januari watu hujiwekea ahadi. Mmoja husema mwaka huu hatakula nyama. Mwingine husema hataonja sukari kabisa. Mwingine hununua viatu vya kukimbilia na kuamka saa kumi na moja alfajiri siku tatu mfululizo. Kufika mwisho wa mwezi, viatu viko chini ya kitanda, sukari imerudi kwenye chai, na mwenye ahadi anasema, "Mambo hayo ni ya watu wa mjini."

Mtu huyo si mvivu. Alijaribu kubeba gunia zima la mahindi kwa safari moja, ilhali angeweza kulihamisha debe kwa debe. Mazungumzo ya leo yanahusu safari hizo za debe kwa debe. Mwishoni kila nyumba itaombwa kufanya jambo moja dogo jioni hii hii, nalo halihitaji pesa wala daktari. Linahitaji kalamu na pakiti ya chumvi.

Kwa nini jambo hili ni zito

Ugonjwa unaozungumziwa hapa hasa ni presha, yaani shinikizo la juu la damu. Presha haiumi. Mtu anaweza kuwa nayo miaka kumi huku akilima, akipika, akiendesha bodaboda na kuimba kwaya. Siku atakayoijua huenda ikawa siku mkono mmoja umekataa kuinuka na mdomo umepinda upande mmoja. Hicho ni kiharusi. Kwa wengine presha huharibu figo polepole mpaka damu ihitaji kusafishwa kwa mashine mara kadhaa kila wiki.

Nyumba iliyopata jambo hilo hubadilika. Shamba hubaki bila mikono. Mtoto mmoja huacha masomo au kazi ili amwangalie mzazi. Ng'ombe anauzwa, kisha kipande cha ardhi. Ndiyo maana habari hii si ya watu wanaotaka kupendeza. Ni habari ya nani atalima msimu ujao.

Mwaka wa 2015, Wizara ya Afya na Shirika la Taifa la Takwimu zilifanya uchunguzi kwa watu wazima wa miaka 18 hadi 69 kote nchini Kenya. Karibu mtu mmoja kati ya wanne, yaani asilimia 23.8, alikuwa na presha ya juu. Zaidi ya nusu, asilimia 56, hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja maishani. Ni watu wachache sana, takriban 6 kati ya 100, waliokula mboga na matunda ya kutosha kila siku.

Sasa tazama walioketi upande wako wa kulia na wa kushoto. Ikiwa benchi lina watu wanne, hesabu hiyo ya taifa inaweza kuwa imeketi hapo hapo.

Ulimi ulifundishwa, na unaweza kufundishwa tena

Wengine husema presha ni ya ukoo, hakuna la kufanya. Ni kweli kwamba ukoo una sehemu yake. Lakini kuna utafiti mmoja uliofanywa kwa watu wa upande huu huu wa magharibi mwa Kenya, na unafaa kujulikana na kila nyumba.

Watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990 katika jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal. Muda mfupi baada ya kufika mjini, presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wanakula chumvi nyingi zaidi, na madini ya potasiamu kidogo zaidi. Potasiamu hupatikana katika mboga, ndizi, maharagwe na viazi, vile vyakula walivyoviacha nyumbani.

Watu hao hawakubadilisha ukoo. Walibadilisha sufuria. Damu ikafuata sufuria.

Leo hakuna haja ya kupanda basi kwenda Nairobi ili kula chakula cha Nairobi. Kimefika Kamukuywa. Kandokando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale kuna chipsi, soseji, soda, mkate mweupe na viungo vya unga vya kuongeza ladha kwenye mchuzi. Vingi vya vitu hivyo vina chumvi ambayo ulimi hauitambui kama chumvi. Mtu anafikiri hajaongeza, kumbe alishaongezewa.

Lakini habari ile ile ina upande mzuri. Ulimi uliojifunza kupenda chumvi nyingi unaweza kujifunza kupenda kidogo. Hauwezi kujifunza kwa siku moja. Ukipunguza nusu kwa ghafla, mboga itaonekana haina ladha na watoto watanuna. Ukipunguza kidogo, ukangoja wiki mbili au tatu, ukapunguza tena, ulimi hauoni tofauti kubwa.

Uingereza ilitumia njia hiyo kwa taifa zima. Kuanzia mwaka wa 2003, serikali iliafikiana na watengenezaji wa mikate na vyakula vingine wapunguze chumvi kidogo kidogo. Kufika mwaka wa 2011, chumvi iliyoliwa na mtu mzima kwa siku ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 15. Watu waliendelea kununua mkate wao kama kawaida.

Hatua ya kwanza: chumvi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa juu. Hesabu hiyo inajumlisha chumvi yote: ya mboga, ya mayai, ya mkate na ya nyama choma.

Nyumbani hakuna anayepima gramu. Ndiyo sababu kuna njia rahisi zaidi. Ukifungua pakiti mpya ya chumvi, chukua kalamu uandike tarehe juu yake. Siku itakapokwisha, hesabu siku.

Chukua mfano wa nyumba yenye watu wazima watano. Kila mmoja gramu 5, jumla gramu 25 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo ni gramu 500. Gawanya kwa 25. Pakiti hiyo ingepaswa kudumu siku 20, na zaidi ya hapo ikiwa familia pia hula mkate na vyakula vya dukani. Nyumba yenye watoto wadogo inapaswa kutumia kidogo zaidi, kwa sababu mtoto anahitaji chumvi kidogo kuliko mtu mzima.

Sasa tuseme pakiti ya nyumba hiyo inakwisha kwa siku 10. Maana yake kila mtu anakula mara mbili ya kiasi kinachofaa. Asiseme mtu kwamba kesho watafikia siku 20. Pakiti inayofuata ifike siku 12. Ile nyingine ifike siku 14. Baada ya pakiti tano au sita, nyumba itakuwa imefika bila ugomvi mezani.

Njia za kufika huko ni hizi. Ondoa kikopo cha chumvi mezani, kibaki jikoni. Weka chumvi mara moja tu, mwisho wa kupika, badala ya kuweka kidogo mwanzoni na kuongeza baadaye. Tumia vitunguu, nyanya, dania, tangawizi, pilipili au limau kuongeza ladha. Ukitumia viungo vya unga vya dukani, usiongeze chumvi juu yake.

Mtu mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za moyo asinunue chumvi zinazouzwa kama chumvi mbadala bila kumuuliza daktari, kwa sababu nyingi zina potasiamu ambayo inaweza kumdhuru.

Hatua ya pili: sukari, na heshima ya mgeni

Bungoma ni kaunti ya miwa. Sukari imewasomesha watoto wengi hapa, na hakuna anayeidharau. Lakini kulima muwa ni jambo moja na kunywa sukari ni jambo jingine.

Chukua mfano wa mama anayeuza nyanya na vitunguu sokoni. Anakunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, na kila kikombe kina vijiko vitatu. Hivyo ni vijiko 12. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina karibu gramu 4, kwa hivyo anakunywa gramu 48 kwa siku, karibu kilo moja na nusu kwa mwezi, peke yake, kwa chai tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima wa kawaida abaki chini ya gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana chini ya gramu 25. Mama huyo amefika ukingoni kabla hajala andazi wala kunywa soda.

Hatua yake si kuacha sukari. Wiki mbili za kwanza aweke vijiko viwili na nusu. Wiki mbili zinazofuata aweke viwili. Baada ya miezi miwili anaweza kuwa kwenye kijiko kimoja. Chai ya vijiko vitatu atakayopewa matangani itamshangaza kwa utamu.

Kuna kikwazo ambacho vitabu vya afya havikitaji. Katika nyumba nyingi chai hutiwa sukari ndani ya sufuria, na chai isiyo tamu huonekana kama uchoyo. Mke wa kijana anaweza kumpelekea mama mkwe kikombe, naye akauliza, "Mwanangu, sukari imeisha dukani?" Maneno hayo huchoma. Wengi huacha mpango wote wa afya kwa sababu ya swali kama hilo.

Suluhisho ni kuacha kutia sukari kwenye sufuria na kuweka bakuli ya sukari mezani na kijiko chake. Kisha jibu liwe la heshima: "Hapana, Mama. Sukari hii hapa. Tumeanza kila mtu kujiwekea mwenyewe, kwa ajili ya presha ya Baba." Mgeni hajanyimwa. Mwenye nyumba hajaaibika. Na mara nyingi mama mkwe naye atasema, "Basi nami niwekee kimoja tu, hata mimi niliambiwa kliniki."

Hatua ya tatu: mboga, na ukubwa wa ugali

Hakuna anayeombwa kuacha ugali. Eneo la Bungoma na Kitale linalisha nchi mahindi, na mkulima hawezi kulima kwa supu. Linaloombwa ni sahani igeuke polepole.

Ikiwa sahani imejaa ugali robo tatu na mboga zimekaa pembeni kama mapambo, punguza ugali kwa kipande kimoja na uongeze mboga kijiko kimoja kikubwa cha upawa. Fanya hivyo mwezi mzima. Mwezi unaofuata, fanya tena. Lengo ni nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo iwe ugali, na robo iwe maharagwe, samaki, mayai, kuku au nyama. Atakayefika katikati ya safari hiyo tayari amefanya vizuri kuliko jana.

Unga wa kisiagi, uliosagwa bila kukobolewa, unashibisha kwa muda mrefu kuliko unga mweupe wa pakiti. Anayeona ni mzito aanze kwa kuchanganya nusu kwa nusu.

Kuhusu mboga, sukuma wiki ni nzuri, lakini haiko peke yake. Mrenda, saga, kunde, managu, terere na majani ya malenge ni mboga za nyumbani ambazo nyanya zetu walizijua vizuri. Zinaota kwa mvua kidogo, na nyingine huota zenyewe shambani. Kitanda kidogo nyuma ya jikoni, kinachomwagiliwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi, kinaweza kulisha familia mara kadhaa kwa wiki. Usizichemshe sana na kumwaga maji yake kila mara, kwa sababu sehemu ya madini huenda na maji hayo.

Lengo la Shirika la Afya Duniani ni gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa mtu mzima. Bila mizani, hesabu ngumi. Ni kama ngumi tano za mboga zilizopikwa na matunda. Kama leo unakula ngumi moja, wiki ijayo kula mbili. Mapera, ndizi, avokado na mapapai ya msimu hayahitaji duka kubwa. Mkulima anayeuza avokado zote kwa broka abakishe chache za watoto wake.

Mafuta nayo yana njia kama ile ya chumvi. Andika tarehe kwenye chupa au mkebe. Andazi la kila asubuhi likiwa la siku tano kwa wiki, liwe la siku nne. Siku ya tano pika viazi vitamu, nduma au mahindi ya kuchemsha.

Hatua ya nne: mwili utembee

Mwananchi anayelima kwa jembe, anayechota maji na kukata nyasi za ng'ombe tayari anafanya mazoezi. Hahitaji kuambiwa akimbie. Kazi hiyo inahesabika.

Lakini maisha ya Kamukuywa yamebadilika. Mwendeshaji bodaboda hukaa juu ya pikipiki mchana kutwa. Fundi cherehani hukaa. Mwenye duka hukaa. Mwalimu na karani hukaa. Hata mwanafunzi anayeishi kilomita moja kutoka shuleni hupakiwa na wenzake wawili.

Ushauri kwa watu wazima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaofanya moyo upige kasi kidogo, kiasi kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Dakika 150 zinatisha zikisemwa hivyo. Zigawanye: ni dakika 30, siku tano. Asiyeweza 30 aanze na 10. Mwendeshaji bodaboda anayengoja abiria asimame na kutembea kuzunguka steji kila baada ya saa moja. Mwenye duka ashuke matatu au bodaboda mita mia chache kabla ya nyumbani.

Onyo moja ni la lazima hapa. Barabara kuu, na hasa mteremko wa daraja la Kamukuywa, umekuwa mahali pa ajali kwa miaka mingi. Usifanye mazoezi kandokando ya lami, na kamwe si gizani. Tumia njia za mashambani na uwanja wa shule. Ikibidi kupita barabarani, tembea upande unaotazamana na magari yanayokuja, na uvae nguo inayoonekana.

Pombe na tumbaku

Hakuna kiasi cha tumbaku kilicho salama. Anayevuta au kutafuna apange tarehe ya kuacha, aitangaze kwa mtu anayemheshimu, na aende kituo cha afya kuomba ushauri. Wengi hujaribu zaidi ya mara moja kabla ya kufaulu. Kuanguka mara ya kwanza si mwisho.

Busaa na pombe nyingine huinua presha na huleta uzito. Anayekunywa siku tano apunguze ziwe nne, kisha tatu. Chang'aa haina kipimo, na watu wamepoteza macho na maisha kwa pombe iliyochanganywa na kemikali. Lakini mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, ambaye hutetemeka asubuhi asipokunywa, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Kuacha kwa namna hiyo kunaweza kuleta kifafa na kuchanganyikiwa. Apelekwe kituo cha afya asaidiwe kuacha kwa usalama. Familia imsindikize bila kumcheka.

Mambo ambayo hayafanywi kidogo kidogo

Mazungumzo yote haya yamesifu mwendo wa polepole. Lakini yapo mambo matatu ambayo polepole inaua.

La kwanza ni dawa. Mtu aliyeandikiwa dawa za presha au kisukari azimeze kama alivyoelekezwa. Wengi hupimwa, wakaambiwa presha imerudi sawa, wakafurahi na kuacha dawa. Presha ilirudi sawa kwa sababu ya dawa. Ukipunguza chumvi na uzito vizuri, daktari ndiye atakayepunguza dawa, si jirani na si mwenyewe. Anayetumia pia dawa za mitishamba amwambie mhudumu wa afya bila woga, kwa sababu baadhi zinagongana na dawa za hospitali.

La pili ni kupimwa. Usingoje uhisi kitu. Kipimo cha presha huchukua dakika chache. Kikifika 140 kwa 90 au zaidi, na kikarudia hivyo siku nyingine, ni lazima uonane na mhudumu wa afya.

La tatu ni dalili za kiharusi. Uso ukipinda, mkono au mguu upande mmoja ukikosa nguvu, au maneno yakianza kukwama ghafla, usimpe mtu chai, usimkande mafuta, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali mara moja. Kimilili, Webuye na Bungoma mjini kuna hospitali za umma. Kila saa inayopita, sehemu ya ubongo inapotea. Maumivu makali ya kifua nayo ni hivyo hivyo.

Msaada uko wapi

Tarehe 25 Septemba 2023, serikali ilizindua rasmi mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii kote nchini. Ni majirani zenu, mnawafahamu kwa majina. Mikoba waliyopewa ina vifaa vya kupima presha, sukari ya damu na uzito. Mhamasishaji akibisha mlangoni, mkaribisheni. Ikiwa hajafika kwenu, muulizeni mzee wa kijiji ni nani anayehudumia boma lenu.

Kuanzia Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF. Kujiandikisha hufanyika kwa kubonyeza *147# kwenye simu au kupitia kwa mhamasishaji. Aliyejiandikisha hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, ambazo hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi. Presha inayoshughulikiwa mapema kwenye zahanati ni nafuu sana kuliko kiharusi kinachotibiwa hospitalini.

Msaada mwingine uko kwenye vyama vyenu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi ya Eldoret na washirika wao wa AMPATH waliwafuatilia watu 2,890 wenye presha au sukari katika vituo 24 vya afya magharibi mwa Kenya. Wengine walipata matibabu ya kawaida. Wengine walikutana kwa kikundi pamoja na mhudumu wa afya. Wengine walikuwa katika chama cha kuweka akiba. Kundi la mwisho lilipata vyote viwili. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2021. Presha ilishuka kwa wote, na ilishuka zaidi kwa wale waliounganisha chama na kliniki. Tofauti haikuwa kubwa sana, lakini inaonyesha jambo ambalo wakaazi wa hapa wanalijua tayari: mzigo hubebwa vizuri ukiwa na wenzako.

Basi chama kinapokutana kuchanga pesa, kiongeze dakika kumi. Kila mwanachama ataje pakiti yake ya chumvi ilidumu siku ngapi. Mhamasishaji aalikwe mara moja kwa mwezi kupima presha. Na mapishi ya siku hiyo yasiwe maandazi na soda kila mara. Yawe pia viazi vitamu, ndizi na chai ambayo sukari yake iko mezani.

Ombi la leo

Hakuna anayeombwa kufanya hatua zote hizi. Atakayeanza na zote ataacha zote. Chagua moja. Ishike kwa mwezi mmoja mpaka iwe desturi, kisha uongeze nyingine. Ukikosea siku ya matanga au ya harusi, usijihukumu. Kesho yake rudi pale ulipokuwa.

Kwa mwaka mmoja, hatua moja kwa mwezi, nyumba itakuwa imebadilika kwa namna ambayo ahadi ya Januari haikuweza.

Na asiyejua achague ipi, achukue ile ya chumvi. Jioni hii ukifika nyumbani, tafuta pakiti ya chumvi na kalamu. Andika tarehe ya leo. Mwambie anayepika, na waambie watoto sababu yake. Siku pakiti itakapokwisha, hesabuni pamoja.

Rudini nyumbani salama, na mkivuka daraja, vukeni kwa uangalifu.